Usingizi wa Chumba Namba Saba

Mtaani Buyenzi, friji haikuhesabiwa kuwa imekufa mpaka Asiya binti Massoudi aiinamie, aigonge ubavuni kwa kifundo cha kidole, asikilize, kisha atikise kichwa. Akitikisa, mwenye friji alikuwa na ruhusa ya kuigeuza kabati la vyombo. Lakini Asiya hakuwa mwepesi wa kutikisa kichwa. Alipenda mashine zilizokata roho. Alizifungua uani kwao, jirani na washona ndala za matairi, kanga kiunoni na kilemba kichwani, na ikifika alasiri ungesikia moja inakohoa, inatetemeka, kisha inaanza kuvuma, na Asiya anacheka peke yake kama mtu aliyefikiwa na mgeni aliyekuwa akimngoja.

Kazi ile aliichukua kwa baba yake. Mzee Massoudi alikuwa fundi wa kiwanda cha barafu bandarini tangu enzi mji ukiitwa Usumbura, na mashine zile kubwa za kiwanda zilimlipa kwa kumnyang'anya masikio. Uzeeni hakusikia ila mtu amkaribie sikioni na kupaza sauti. Basi akajifunza kusikia kwa kiganja. Alikilaza juu ya mashine, akafumba macho, akakuambia ni msumari gani umelegea. Wanawe wa kiume hawakutaka spana, walikwenda kuuza vitenge. Asiya ndiye aliyebaki kando yake tangu utotoni, akimshikia taa na kumpa bisibisi, mpaka siku moja mzee akampa yeye mashine na kushika taa mwenyewe. Majirani walinong'ona kidogo kuhusu mwanamke anayelehemu mabomba. Kisha friji zao zikaharibika, wakanyamaza.

Mwaka 1998 vita vilikuwa vimeshaota mizizi. Milimani juu ya mji bunduki zililia karibu kila usiku, na mjini hakuna aliyeruhusiwa kutembea giza likishaingia. Juu ya hayo nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, kwa hiyo kipuri kilichoharibika hakikuwa na mwenzake wa kukirithi. Mji ulijifunza kuishi kwa viraka, na mafundi wa Buyenzi wakawa watu wa kubembelezwa.

Ndipo asubuhi moja gari dogo jeupe likasimama mbele ya ua wa akina Asiya, akashuka mwanamke mrefu aliyevaa sketi iliyopigwa pasi sawasawa. Jina lake Jovithe. Alikuwa meneja wa Hoteli Umuseke kule Kinindo, upande wa ziwani, hoteli ndogo ya ghorofa moja iliyopokea wafanyakazi wa mashirika ya misaada, wafanyabiashara waliokwama mjini, na watu ambao nyumba zao zilikuwa mahali pasipofikika. Alikalia kigoda bila kukipangusa, jambo lililomfurahisha Asiya, akaeleza shida yake.

Vyumba vya Umuseke vilikuwa na viyoyozi vya dirishani, yale masanduku mazito ambayo nusu iko ndani na nusu nje. Kwa miaka mingi hayakumsumbua mtu. Lakini sasa yalikuwa yamezeeka, na kila chumba kilipoanza kupata joto, sanduku lilijiwasha kwa kishindo, paa, kisha dirisha zima likaanza kutetemeka. Wakati wa amani hicho ni kishindo tu. Wakati wa vita mtu aliyelala hajui tofauti. Wiki iliyopita, Jovithe alisimulia, mgeni mmoja, mama wa makamo, alikutwa asubuhi amelala uvunguni mwa kitanda na shuka lake. Wengine walizima mashine, wakashindwa na joto na mbu. Wengine walihama.

Kisha Jovithe akasema lile lililomleta hasa.

"Kuna mutu mumoja, Dokta Anselme. Ni mupasuaji. Nyumba yake iko Musaga, juu kabisa, barabara inafungwa mapema, kwa hiyo hospitali imemupanga kwetu ili gari imufikie haraka. Mchana kutwa anashona watu. Usiku halali. Jana nimemuona anamimina chai, mikono inatetemeka, chai yote kwenye kisahani. Mama Amira, ile mikono ndiyo tunaitegemea hapa mjini."

Mama Amira ndilo jina ambalo watu wengi walimwitia Asiya, kwa binti yake wa pekee. Alichukua mkoba wa vyombo vyake, akamuaga baba yake kwa ishara ya mkono, akaingia garini. Hakuuliza malipo. Aliuliza kitu kimoja tu: masanduku yamefungwa kwenye ukuta wa matofali au wa mbao? Jovithe hakujua, naye Asiya akachekelea njia nzima kwa hamu ya kujua.

Ulikuwa wa matofali, na dirisha la fremu ya chuma. Waliingia chumba namba saba, cha Dokta Anselme, wakati mwenyewe amerudi kubadilisha shati. Alikuwa mtu mwembamba, macho mekundu, mwenye adabu ya kupita kiasi, aina ya mtu anayekuomba radhi kwa kuchoka mbele yako. Asiya aliwasha mashine. Paa. Dokta aliruka kidogo, kisha akaona haya.

Asiya akaanza kutafuta. Aligusa sanduku, akagusa fremu, akagusa ukuta kwa kiganja kama baba yake alivyomfundisha, lakini kiganja chake kilikuwa hakijafikia ukomavu wa kile cha mzee. Kila mahali palitetemeka, hakujua wapi ni chanzo na wapi ni mwangwi. Dokta alimtazama, kisha akafungua mfuko wake, akatoa kile chombo cha mpira cha kusikilizia kifua cha mgonjwa, akampa. Asiya alikivaa masikioni, akaweka kile kisahani chake baridi ukutani.

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Alihamisha kisahani shubiri moja, akahamisha tena, akashuka chini karibu na sakafu, akapanda hadi juu ya mlango, mdomo wazi kama mtoto anayesikia hadithi. Dokta Anselme naye, aliyekuwa na gari la kuwahi, akasahau gari. Aliomba asikie. Wakabadilishana chombo kile mara kadhaa, huyu akionyesha hapa, yule akionyesha pale, na Jovithe amesimama mlangoni akijiuliza kama hoteli yake imegeuka kliniki ya kuta.

Waliyoyasikia yalikuwa mambo mawili. Kwanza, sanduku lenyewe halikuwa na makelele mengi. Lilikuwa limebana fremu ya chuma, na fremu imebana ukuta, kwa hiyo chumba kizima kiliimba pamoja nalo kama ngoma iliyowambwa. Pili, kile kishindo kilitoka kwenye kompresa, moyo wa mashine, ule unaoisukuma gesi. Kila ulipoamka uliruka kwenye misumari yake iliyolegea.

La kwanza lilikuwa na dawa ya karibu. Siku ya pili Asiya alirudi na vipande vya tairi alivyokatiwa na majirani zake washona ndala, akaliinua sanduku na kulilaza juu ya mpira pande zote. Ukuta ukanyamaza. Jovithe alifurahi, akataka wafanye hivyo vyumba vyote. Lakini Asiya hakuridhika. Moyo wa mashine ulikuwa bado chumbani, hatua chache kutoka kwenye mto wa mtu aliyekosa usingizi, na kila ulipoamka bado uliguna.

Wazo lilimjia sokoni, akiwa anachagua dagaa. Muuza samaki alikuwa akilalamika kuhusu chumba cha baridi cha bandarini, na Asiya akakumbuka chumba kile kilivyo. Mashine yake iko nje kabisa, chini ya kibanda, na kinachoingia ndani ni mabomba mawili tu ya shaba yanayobeba baridi. Alisikia kwamba huko nje ya nchi siku hizi hata viyoyozi vya nyumba vinatengenezwa hivyo, moyo nje na pumzi ndani, ila kwa mipaka iliyofungwa hakuna aliyeweza kuviagiza. Basi kwa nini asiyakate haya yaliyopo? Aliacha dagaa kwenye mizani. Alifika nyumbani mbio, akachora kwa mkaa juu ya sakafu ya ua, sanduku moja likigawanywa mara mbili, na baba yake akaja kuinamia mchoro ule akiwa na shanga za tasbihi mkononi. Aliutazama sana. Mwishowe alisema kwa ile sauti kubwa ya watu wasiosikia, mtaa mzima ukasikia, kwamba inawezekana, lakini gesi. Ukikata bomba, gesi yote inatoka.

Kweli, gesi ndiyo ilikuwa mtihani. Asiya alikuwa na chupa moja tu, aliyoitunza tangu mipaka ifungwe kama mtu anavyotunza dawa ya mtoto. Ingetosha mashine moja. Kiungo kimoja kikivuja, gesi itapanda mbinguni na chumba namba saba kitabaki na tundu ukutani. Jovithe alipoelezwa hayo, alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba hoteli yenye wageni wasiolala tayari ina tundu. Wakakubaliana.

Kazi ilianza, na haijawahi kuwapo kazi Umuseke iliyofanywa kwa furaha namna ile. Fundi wa jenereta wa hoteli, Pontien, mwanamume mnene mpole aliyezoea kuishi peke yake na moshi wa dizeli nyuma ya jiko, alijitolea kutoboa ukuta. Kulikuwa na tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria: nyundo. Pigo la kwanza tu, watu wawili ghorofani walijitupa chini. Basi Jovithe alipita kila chumba akibisha hodi na kutangaza, kwa Kirundi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kwamba ni nyundo, ni Pontien, ni kazi ya amani. Pontien alipiga kwa mwendo wa polepole ulio sawa, ili asiyeambiwa naye ajue kuwa bunduki hailii kwa utaratibu ule. Baadhi ya wageni walishuka kuja kutazama. Yule mama wa uvunguni alileta kiti chake kabisa.

Asiya alikusanya mabomba ya shaba kutoka kwenye friji alizozitikisia kichwa, feni ya nje akaitoa kwenye sanduku lililokufa la chumba cha mwisho. Alilikata sanduku la chumba namba saba kwa msumeno, mikono yake ikiwa baridi kwa hofu na mashavu moto kwa hamu. Moyo wa mashine wakaupeleka nje, nyuma ya ukuta wa bafu, juu ya kitanda cha matairi. Pumzi ikabaki ndani, nyepesi, juu ya mlango. Akalehemu viungo kimoja kimoja, akivipaka povu la sabuni kuona kama kutatokea kiputo. Kwenye kiungo kimoja kilitokea, kidogo kama jicho la dagaa. Alikitazama, akashusha pumzi, akakilehemu upya. Povu likatulia.

Siku ya kuweka gesi alimleta baba yake kwa teksi. Jua la mchana lilikuwa kali, chumba kama tanuri. Asiya alifungua chupa, gesi ikaingia ikinong'ona, chupa ikazidi kuwa nyepesi mkononi mwake mpaka ikaisha. Alimpa Pontien ishara awashe. Hakuna aliyesikia kitu. Mzee Massoudi akaweka kiganja ukutani, akafumba macho, akakihamisha hapa na pale, akakunja uso.

"Mbona hamuwashi?" akauliza kwa sauti yake kubwa.

Asiya alimsogelea. Alimshika mabega, akamgeuza mpaka uso wake ukaelekea juu ya mlango. Mzee akasikia baridi ikimgusa paji la uso, ikamshukia shingoni. Alisimama pale, ndevu zake nyeupe zikitikisika kidogo kwa ule upepo, kisha akasema Alhamdulillahi, taratibu sana, neno la kwanza la sauti ya chini ambalo Asiya alilisikia kutoka kwake kwa miaka mingi. Pontien alimkumbatia Jovithe kabla hajakumbuka kuwa ni meneja wake.

Asiya hakutaka hata chembe ya sauti. Ili kukamilisha ushindi wake alifunga nyaya kwa namna kwamba chumba kikipoa, kila kitu kinazima, moyo na feni pamoja, na chumba kinabaki kimya kama kisima. Alirudi Buyenzi kabla ya saa ya kujifungia ndani akiwa anatembea kama mtu aliyebebwa.

Asubuhi aliwahi hotelini ili asikie sifa zake. Alimkuta Dokta Anselme kwenye meza ya chai, macho mekundu kuliko jana. Alipomwona alisimama na kumshukuru sana, akasifu baridi, akasifu kazi. Asiya akauliza kama amelala.

"Mama Amira, kelele ya zamani ilikuwa inanitesa, lakini pia ilikuwa inanificha," alisema. "Sasa kumenyamaza, nasikia mpaka milimani. Kila mlio ukilia, mi nahesabu ni nani wataletwa kwangu asubuhi. Nimepasua watu usiku kucha, na nilikuwa kitandani."

Maneno yale yalimwingia Asiya kama maji baridi. Alikwenda chumba namba saba, akakaa kwenye ukingo wa kitanda kilichokunjamana. Alikuwa amefanya kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na haikumfaa aliyefanyiwa. Jovithe alikuja akakaa kando yake. Hakumlaumu. Aliuliza tu, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, mtoto hulala vipi vitani.

Asiya akainua kichwa. Mwaka wa tisini na tano, mitaa ya jirani ilipoungua na nyumba yao ikajaa watu waliokimbia, Amira alikuwa mtoto wa miaka mitano, na hakuna aliyeweza kumlaza. Alilala mahali pamoja tu: kwenye mkeka nyuma ya friji kuukuu ya babu yake. Friji ilivuma kwa sauti ile ile, bila kupanda wala kushuka, na mtoto akalala huku milio ikipita juu ya paa. Umeme ulipokatika, kimya kilipoingia, ndipo alipoamka na kulia. Kumbe si kelele iliyomwamsha mtu wala si kimya kilichomlaza. Kinachoamsha ni badiliko. Mtu anayeogopa anataka sauti moja isiyomdanganya.

Alisimama pale pale akaomba ngazi. Alifungua nyaya alizozifunga kwa majivuno, akaziunga upya ili feni ya ndani isizime kamwe, ivume daima kwa mwendo wa polepole, hata moyo wa nje ulale au uamke. Halafu akaanza kuisawazisha. Mapanga ya feni yalikuwa na uzito usiolingana, na kwa mwendo mdogo yalitoa sauti ya kuchechemea. Alibandika chembe za risasi ya kulehemu, akakwangua, akasikiliza, akabandika tena. Dokta alikuwa ameacha chombo chake cha kusikilizia juu ya meza, kwa makusudi au kwa usahaulifu, naye akakitumia. Jovithe alilala kitandani na viatu vyake, macho juu, akitoa hukumu: bado inachechemea, sasa inafoka, sasa kama mtu anakunja karatasi. Kisha Asiya akangoja hukumu nyingine, haikuja. Alipogeuka, Jovithe alikuwa anatabasamu kwa macho yaliyofumba. Alisema inafanana na mvua ya mbali kwenye majani ya migomba, kule kwao, ile inayonyesha kwa mtu mwingine.

Asiya aliondoka bila kujisifu safari hii. Alimwambia Dokta kwa kifupi tu kwamba ajaribu.

Asubuhi iliyofuata alichelewa kwa sababu basi dogo lilizuiwa njiani na askari waliokuwa wakikagua vitambulisho. Alipofika Umuseke alikuta gari la hospitali limesimama mlangoni, milango wazi, dereva anazunguka kama kuku. Dokta Anselme hakuwa ameshuka. Tangu ahamie pale hakuwahi kumngojesha dereva hata dakika moja. Walikuwa wamegonga, wakaita, wakagonga tena. Mlango umefungwa kwa ndani. Jovithe alisimama kwenye korido akiwa amekauka midomo, na yule mama wa uvunguni ameshika rozari. Kila mmoja alifikiri lile lile. Mtu aliyechoka namna ile, mwenye mfuko wa dawa chumbani, peke yake.

Asiya alifikiri jambo jingine, baya kuliko hilo. Gesi. Ikivuja katika chumba kilichofungwa, humnyima aliyelala hewa. Alikuwa amekichunguza kila kiungo, lakini kile kimoja alikilehemu mara mbili. Aliweka sikio mlangoni, akasikia feni inavuma, taratibu, sawasawa, na chini yake hakuna kitu. Pontien hakungoja tena. Aliliweka bega lake nene mlangoni, kitasa kikang'oka na kipande cha ubao.

Chumba kilikuwa baridi na nusu giza. Dokta Anselme alikuwa amelala chali, shuka hadi kidevuni, mikono yake yote miwili juu ya kifua, wazi, imetulia tuli. Hakutikisika kwa mlango kuvunjika. Dereva alianza kujipiga ishara ya msalaba. Ndipo kutoka kitandani ikatoka sauti nene, ndefu, ya kukwaruza, ikapanda, ikasita, ikashuka.

Alikuwa anakoroma.

Jovithe alikaa chini kwenye sakafu ya korido, sketi yake iliyopigwa pasi na yote, akacheka mpaka machozi, na yale machozi yakaendelea hata kicheko kilipokwisha. Pontien alijaribu kuurudisha mlango kimya kimya, kana kwamba bado kulikuwa na usingizi wa kulinda. Dereva alitaka kumwamsha daktari, lakini yule mama mwenye rozari alimzuia mlangoni, akamwambia kwa Kirundi kwamba atamkanyaga yeye kwanza. Waligombana kwa minong'ono. Mwishowe wakapiga simu hospitali, na huko wakajibiwa kwamba asubuhi ile imetulia, mwacheni. Aliamka mwenyewe jua likiwa juu, akauona mlango umevunjika, akashuka akiuliza kwa aibu nani ameingia. Kisha akamimina chai mbele yao wote. Hawakutazama kikombe. Walitazama kisahani, nacho kilikuwa kikavu.

Habari ile ilisafiri Kinindo nzima, na kila aliyeisimulia aliuongeza mkoromo. Wageni wakaanza kuomba chumba kama cha Dokta. Asiya hakuwa na gesi nyingine, kwa hiyo vyumba vingine alivipa kwanza mpira na feni iliyosawazishwa, na hata hivyo pekee vilitosha kuwatoa watu uvunguni. Mipaka ilipofunguliwa mwanzoni mwa mwaka uliofuata, gesi ikaja, na baada yake zikaja zile mashine za kisasa zilizogawanywa kiwandani, nyeupe, nyepesi, zenye maandishi ya mbali. Watu walidhani Asiya atazichukia. Alizipokea kama ndugu aliowachora kwa mkaa kabla hajawaona, akafungua ya kwanza siku hiyo hiyo ili kujua wenzake huko wamefanyaje. Mahali pengine walikuwa wamefanya vizuri kuliko yeye, akawaiga. Zilipofungwa kwenye kuta za watu bila mpira zilipiga kelele vile vile, na hapo walimwita.

Mzee Massoudi alifariki mwaka 2001, kitandani kwake, kwa uzee tu, zawadi ambayo miaka ile wengi hawakuipata. Julai ya 2003 makombora yaliangukia mitaa ya kusini, Umuseke ikafungwa kwa majuma, na Dokta Anselme akalala hospitalini, juu ya benchi, pale alipopata nafasi. Asiya alimpelekea feni ndogo aliyoisawazisha kwa mikono yake, na wauguzi wakaiweka kwenye chumba cha waliopasuliwa badala ya kumpa yeye. Dokta alisema ndivyo alivyotaka.

Kisha bunduki zikaanza kupungua, usiku mmoja baada ya mwingine, kwa namna ambayo watu hawakuthubutu kuitaja kwa sauti. Mwaka 2005 Jovithe alikuwa ameondoka Umuseke na kupata kiwanja chake mwenyewe Kibenga, karibu na ziwa, ili ajenge nyumba ya wageni. Siku wajenzi walipopigilia vigingi na kuzungusha kamba za msingi, hakumwita padri kwanza wala mpiga picha. Alimtumia Asiya gari.

Asiya alifika na Amira, msichana sasa, aliyekuwa akisoma shule ya ufundi kwa ukaidi ule ule wa mama yake. Hapakuwa na kitu pale ila nyasi, kamba na vigingi, na upepo wa ziwa ukivuma kutoka magharibi. Jovithe aliwaonyesha kwa mkono: hapa vyumba, hapa jiko, pale baraza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Asiya aliitwa kabla ya ukuta kuwapo, kabla ya kosa kutendeka, na alijikuta hajui aanzie wapi kwa furaha. Alivua viatu. Alitembea ndani ya vyumba visivyokuwapo, akasimama mahali ambapo mto wa mgeni utakaa, akafumba macho, akageuza uso kufuata upepo.

"Madamu, hii kona yote iache wazi," alisema. "Upepo utaingia wenyewe. Miezi mingine hawatawasha kitu."

"Na mashine?"

"Mashine tutazipeleka kule, nyuma ya jiko, kila moja na msingi wake, zisiguse nyumba." Aligeuka kwa binti yake, aliyekuwa tayari amechuchumaa karibu na kigingi. "Amira, ng'oa hicho. Vuta kamba mpaka hapa niliposimama."

Amira aliking'oa, akaja nacho akikimbia, kamba ikitetemeka nyuma yake juu ya nyasi.